Koko Ameanguka Mara Ngapi?

Ilikuwa Jumatano asubuhi, na pikipiki ilikuwa tayari inanguruma. Mama Hortense alikuwa ameshapanda, amebana furushi la vitenge kati ya tumbo lake na mgongo wa dereva, alipogeuza kichwa na kumwita binti yake.

"Aimée! Koko iko bien?"

Aimée alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita.

"Iko bien, mama."

"Amekunywa dawa ya tansio?"

"Amekunywa."

"Basi umuchunge. Kesho mangaribi niko hapa."

Dereva akaondoa pikipiki. Ikateremka kwenye vumbi jekundu la mtaa wa Ngezi, ikakata kona, ikashika njia ya Iga Barrière, ambako Mama Hortense alikuwa anauza vitenge siku za soko. Aimée akaendelea kufagia mahali palipokuwa pasafi.

Jibu lake la kwanza, kwamba Koko hajambo, lilikuwa uongo. La pili lilikuwa kweli kupita kiasi, kwa sababu asubuhi ile Koko alikuwa amekunywa vidonge viwili mahali pa kimoja.

Koko Charlotte alikuwa bibi yake, mama mzazi wa Mama Hortense. Hapo Bunia bibi huitwa koko. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Walikimbia pamoja kutoka kwao Fataki wakati vijiji vya Djugu vilipochomwa, na tangu hapo alikaa Ngezi, katika chumba chenye dirisha moja. Karibu na dirisha hilo alitarizi vitambaa vya kufunika viti: maua mekundu, majani ya kijani, na pembeni herufi za jina la mwenye kitambaa. Herufi alizinakili tu kwenye karatasi aliyoandikiwa na Aimée. Kusoma hakujua.

Kwa sababu hiyo, dawa zake za tansio, yaani za shinikizo la damu, zilikuwa kazi ya Aimée. Kimoja asubuhi, kimoja saa sita mchana, na maji ya kutosha. Ndivyo muuguzi alivyosema.

Lakini wiki ile akina mama wa kanisa lao walikuwa wameanza siku saba za kufunga na kuomba, ili amani irudi Djugu. Ulikuwa mfungo mkavu. Tangu alfajiri mpaka saa kumi na mbili jioni hawali, wala hawanywi hata tone la maji. Kidonge cha saa sita kikaangukia ndani ya mfungo. Koko akakata shauri lake mwenyewe.

"Nipatie na ya saa sita," alisema Jumatatu alfajiri. "Zote mbili zitatumika humo humo mu tumbo."

"Koko, muganga alisema moja moja."

"Muganga alisema mbili kwa siku. Hizi si mbili? Hesabu, weye unayesoma."

Aimée akahesabu. Zilikuwa mbili kweli. Akavitoa vidonge vyote kwenye karatasi yake ya kung'aa, akavitia katika kiganja cha Koko.

Jumatatu ile ile, saa kumi jioni, Koko alikuwa jikoni, ameinama kwenye kigoda chake kifupi akipuliza makaa ya mbabula, lile jiko la mkaa, ili mjukuu apate chakula. Akainuka kwa haraka kuchukua kifuniko cha sufuria. Mkono wake ukatafuta ukuta, ukaukosa. Uso ukageuka rangi ya majivu. Akaanguka taratibu katikati ya masufuria, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba.

Aimée hakufanya kitu. Alisimama tu na mwiko mkononi. Baada ya muda mfupi, kama wa kusali sala fupi, Koko akafumbua macho.

"Niko wapi?" Akatazama huku na huku. "Ah. Nimeteleza."

"Koko, haukuteleza. Ulizimia."

"Nimeteleza, nakuambia. Na usiambie mama yako. Akijua, atanikataza maombi. Nyumba yangu iko Fataki, shamba yangu iko Fataki, mababa yako wako mu udongo wa Fataki. Siye tukinyamaza, nani ataomba juu yake?"

Aimée akakubali. Lakini tusimpe sifa isiyo yake. Hakukubali kwa sababu ya Fataki. Jumatano, siku ya tatu ya mfungo, kwaya ya watoto ilikuwa imealikwa kuwaimbia akina mama, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye angeanzisha wimbo. Mwaka mzima kazi hiyo ilikuwa ya rafiki yake Vanessa. Mama akijua kwamba Koko alianguka, atasema Koko abaki nyumbani, na Aimée abaki kumchunga. Na wimbo utarudi kwa Vanessa.

Kwa hiyo wote wawili wakanyamaza, kila mmoja na sababu yake.

Jumatano mchana wakaenda kanisani kwa miguu. Njia si ndefu, lakini Koko alisimama mara mbili, mkono umeshika uzio wa nyumba za watu. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka. Aimée alikuwa na neno mdomoni: Koko, turudi. Alilisikia kabisa. Lakini alipofungua mdomo likatoka jingine.

"Koko, tutachelewa."

"Niko nakuja, mutoto. Miguu yangu haina moteur kama pikipiki."

Kanisa lilikuwa la mbao, na mabati yake yalikuwa yamepigwa na jua tangu asubuhi. Ndani akina mama walikuwa wamepiga magoti kwenye sakafu, zaidi ya sitini, wakiomba kila mmoja kwa sauti yake. Kwaya ilijipanga mbele. Aimée akaanzisha wimbo. Sauti ikatoka vizuri, vizuri kuliko siku zote za mazoezi, na Vanessa aliyekuwa pembeni akamfinya kidogo mkono kwa furaha. Vanessa hakuwa na kijicho hata kidogo. Hilo nalo lilimchoma Aimée baadaye.

Kwenye ubeti wa tatu, Mama Lydie, mkuu wa maombi, akainua mikono yote miwili.

"Bamama, tusimame! Tusimame mbele ya Bwana!"

Wote wakainuka kwa pamoja. Koko naye akainuka. Aimée akaona mkono ukitafuta kitu cha kushika. Akauona uso. Kisha hakumwona tena Koko. Alikuwa ameshaanguka kati ya viti.

"Haleluya!" Mama Lydie akapaza sauti. "Mumuache! Roho iko kazini! Mutu asimuguse!"

Katika kanisa lile haikuwa ajabu mtu kuanguka wakati wa maombi. Akianguka mwanamke, mwenzake humfunika miguu kwa kitenge kwa heshima, kisha humwacha mpaka ainuke mwenyewe. Ndivyo walivyofanya. Kitenge kikatandazwa juu ya miguu ya Koko, na wimbo ukapanda juu zaidi.

"Koko yako ameguswa!" Vanessa akanong'ona, macho yaking'aa. "Imba! Usiache!"

Na Aimée akaimba. Kati ya watu wote mle ndani, ni yeye peke yake aliyejua kwamba ile ilikuwa rangi ya majivu ya jikoni, mkono ule ule, kuanguka kule kule. Akisema, ataulizwa: umejuaje? Akaimba kiitikio kizima mpaka mwisho, huku akitazama kitenge kilichofunika miguu ya bibi yake.

Koko akafumbua macho. Aimée akaruka kutoka kwenye kwaya, akawapita akina mama, akafika wa kwanza. Hapo alikuwa na nafasi nyingine ya kusema. Lakini akili yake ilikuwa kwenye jambo moja tu: Koko asimame, watu waone kwamba ni mzima, yaishe.

"Koko, simama," akamwambia sikioni. "Simama basi, watu wanaangalia."

"Ngoja kidogo... macho yangu..."

"Simama, koko!"

Akamtia mikono kwenye makwapa, akamvuta juu. Koko akasimama, kweli. Akasimama muda wa pumzi mbili. Halafu magoti yakakunjika, na uzito wote wa mwili ukamtoka Aimée mikononi. Safari hii Koko hakuteremka taratibu. Aliangukia mkono wa kulia, na mkono ukalia kama kijiti kikavu.

Wimbo ukakatika.

Sasa kila mtu alifanya lake. Mmoja alimtikisa mabega. Mwingine alikuja na chupa ya maji, akataka kumnywesha. Mama Lydie mwenyewe, sauti imebadilika, alisema, "Mumuinue! Mumukalishe ku kiti!" Watu wakamzunguka mpaka hewa ikakosekana. Vanessa ndiye aliyetumia miguu. Alitoka mbio, akavuka barabara mpaka kituo cha afya, akarudi na muuguzi Valérie, mwanamke mfupi mwenye blauzi nyeupe na ndara za plastiki.

"Toka na hiyo chupa!" Valérie alisema kabla hajafika. "Mutu hajaamka vizuri, unamunywesha? Maji itaingia mu mapafu. Mutoke wote, apate hewa. Nani alimusimamisha?"

Aimée akatazama sakafu.

Valérie akapiga magoti. Akaweka shavu lake karibu na pua ya Koko, akatazama kifua kama kinapanda. "Iko anapumua." Akamlaza chali, akamlegezea kitambaa cha kichwani na fundo la kitenge kiunoni. Akatazama miguu na nyonga kama haikuvunjika, kisha akaipandisha miguu juu ya rundo la mikoba ya akina mama. "Damu imekimbia kichwa," alisema. "Mukimusimamisha, inakimbia zaidi. Mumuache chini, itarudi yenyewe."

Ikarudi. Midomo ikapata rangi, Koko akalia kwa maumivu ya mkono. Valérie akaufunga kwa kipande cha katoni na leso.

"Tuite moto," mama mmoja akasema, akimaanisha pikipiki. "Tumuweke katikati, mutu mumoja nyuma."

"Ku moto? Akae wima, azimie tena mu barabara? Mulete ile benchi."

Basi Koko Charlotte alivuka barabara amelala juu ya benchi la kanisa, amebebwa na akina mama wanne wenye njaa.

Kwenye kituo Valérie akamsafisha, akachukua karatasi yake, akauliza.

"Ni mara ya kwanza anaanguka?"

"Mara ya kwanza," alijibu Mama Lydie. "Ni mufungo tu. Njaa na joto."

"Mama muzee, ni kweli? Mara ya kwanza?"

Koko alikuwa amelala. Aligeuza macho, si kwa muuguzi, bali kwa Aimée aliyekuwa karibu na mlango.

"Mara ya kwanza, mutoto wangu," alisema.

Valérie akaandika. "Basi tutamupa maji ya sukari na chumvi. Mukono ataenda nao ku hospitali kubwa wapige picha. Dawa ya tansio aendelee nayo kesho kama kawaida."

Kama kawaida. Aimée akayasikia maneno hayo, akaiona alfajiri ya kesho: Koko amenyoosha kiganja, anasema nipatie zote mbili. Akaona mkono mwingine ukitafuta ukuta, na safari hiyo labda kichwa ndicho kitakachogonga. Kalamu ya Valérie ilikuwa bado inaandika.

"Haiko mara ya kwanza," akasema.

"Nyamaza, Aimée," Koko akasema.

"Hapana, koko." Akamgeukia muuguzi. "Alianguka Jumatatu, ku jikoni. Alipoinuka ku kigoda. Na jana aliposhuka ku kitanda alishika ukuta, alisema macho yake imeingia giza. Na dawa, anakunywa zote mbili asubuhi, juu ya mufungo. Ni mimi ninamutolea. Nilijua. Na leo ni mimi nilimuvuta asimame. Mukono, ni mimi nimeuvunja."

Mama Lydie akakaa polepole kwenye kiti cha wagonjwa. Valérie akafuta mstari aliouandika.

Akampima Koko shinikizo la damu akiwa amelala, akasubiri, akampima tena akiwa amekalishwa kidogo kidogo. Akamwonyesha Aimée namba zote mbili. Ya pili ilikuwa imeshuka sana.

"Umeona? Mwili wa muzee hauna mbio kama wako. Weye ukisimama, damu inapanda mara moja. Yeye inachelewa. Ongeza dawa mbili kwa pamoja, dawa ya kushusha, toa maji yote mu mwili siku tatu. Akisimama, kichwa kinabaki bila damu. Ningemurudisha nyumbani na dawa zile zile." Akageukia kitanda. "Na weye, mama muzee, ulitaka kunidanganya?"

"Nilitaka kuomba," Koko akasema kwa sauti ndogo.

"Uombe. Nani amekukataza? Lakini ukunywe maji. Mungu atakusikia na midomo yenye maji."

Mama Lydie akatazama mikono yake. "Miye nilisema ni Roho," alisema. "Nilisema mutu asimuguse."

"Siku ingine mumuguse kwanza," Valérie akajibu. "Mukikuta anapumua na anaitika, ndipo muimbe."

Wakati wa kutoka, mama mmoja aliyekuwa amebeba benchi alimshika Aimée kichwani. "Mutoto wa akili. Umeokoa koko yako." Aimée akatamani ardhi immeze. Afadhali angepigwa.

Kesho yake jioni Mama Hortense alirudi. Kabla hajatua furushi alimwona mama yake na mkono umefungwa plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Aimée hakungoja kuulizwa. Alisema yote, tangu Jumatatu, bila kuruka kitu, hata wimbo alioogopa kuupoteza, hata kiitikio alichoimba mpaka mwisho.

Mama Hortense akakaa kwenye furushi lake. Hakupiga kelele.

"Ungeniambia pale ku mulango, nisingeenda."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua sitaenda. Juu ya ile ukanyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Acha mutoto," Koko akasema kutoka kitandani. "Ni mimi nilimufunga mudomo."

"Mama, weye nitakuja kwako. Ngoja zamu yako." Na ingawa machozi yalikuwa yanamtoka, Koko akacheka kidogo. Kisha Mama Hortense akamvuta Aimée karibu. "Sikiliza. Siri ya zawadi, uiweke. Siri ya ugonjwa, hata muzee akikuapisha, hata akikupenda, uilete kwangu siku ile ile. Heshima kwa muzee haiko kunyamaza wakati anaanguka."

Jumatatu iliyofuata wakaenda wote watatu kwa Valérie. Muuguzi akapunguza dawa, akampeleka Koko kupimwa moyo, kisha akamkalisha Aimée mbele yake kama mtu mzima.

"Nakuambia weye, sababu weye ndiye unakaa naye mchana. Koko akisema macho inaingia giza, mukalishe au mulaze pale pale alipo, usingoje aanguke. Akizimia, sikiliza pumzi, mulaze, miguu juu. Kitu mu mudomo, hapana, mpaka aongee vizuri. Akitapika, mugeuze ubavu. Ukiona hapumui, au dakika inapita haamki, au kifua kinamuuma, au mudomo umeenda upande, piga kelele, watu wamulete mbio, lakini amelala. Na hata akiamka anacheka, umulete. Kijana akizimia mu jua, mara nyingi ni jua. Muzee akizimia, inaweza kuwa dawa, moyo, sukari, damu inayotoka ndani. Hatuwezi kujua kwa macho. Kitu kinachotusaidia kujua ni mutu aliyeona, na akasema alichoona. Weye uliona. Ulichelewa kusema siku mbili. Halafu ukasema wakati ilikuwa vigumu kuliko siku ya kwanza. Ubebe yote mawili. Usitupe moja."

Moyo wa Koko Charlotte ulikutwa mzima. Hajazimia tena. Anakaa kitandani kidogo kabla ya kusimama, na anaomba akiwa amekaa, kikombe cha maji pembeni. Mkono wake ulipona ukiwa umepinda kidogo, na vidole viwili havikunjiki. Hatarizi tena. Fataki hajarudi.

Mama Hortense bado anauza vitenge Iga Barrière. Mama Lydie bado ni mkuu wa maombi. Wazee na wagonjwa sasa wanakunywa maji wakati wa mfungo, na mtu akianguka Mama Lydie huenda mwenyewe kusikiliza pumzi. Valérie alihamishiwa kituo kingine. Vanessa ndiye anayeanzisha nyimbo.

Aimée aliomba kuimba mstari wa nyuma, akakubaliwa. Jioni, baada ya masomo, Koko humwelekeza na yeye hutarizi. Maua yake bado hayajanyooka.